Nakala Hubaki Wapi? Barua Pepe ya Kivinjari na Hatima ya Kumbukumbu za Mji wa Bunda, 1994–2023

1.0 Utangulizi

Historia ya mawasiliano nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kama historia ya kasi. Tarishi alifuatwa na gari la posta, gari la posta likafuatwa na simu, na simu ikafuatwa na intaneti. Masimulizi hayo yana ukweli wake, kwani barua iliyokuwa ikichukua siku kadhaa kutoka Bunda hadi Dar es Salaam sasa hufika kabla mwandishi wake hajainuka kitini. Hata hivyo, kwa mwanahistoria, kasi si swali la kwanza. Swali la kwanza ni lile ambalo kila karani wa masjala alilijua: barua ikishapelekwa, nakala yake hubaki wapi, na ufunguo wa mahali hapo hushikwa na nani?

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuutazama mji wa Bunda, ulioko katika barabara kuu iendayo Musoma na Sirari kutoka Mwanza, mahali inapochepuka njia ya kuelekea Kisorya na kivuko cha Ukerewe. Bunda si makao makuu ya mkoa wala si mji wa chuo kikuu. Ni mji wa wilaya wenye chuo cha ualimu, shule, makanisa, misikiti, vyama vya ushirika wa pamba, wavuvi na wafanyabiashara. Kwa sababu hiyo hiyo unafaa kuchunguzwa, kwani miji ya namna hii ndiyo mingi nchini, na kumbukumbu zake ndizo zinazopotea bila mtu kupiga yowe.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba barua pepe inayotumwa kwa kivinjari iliwapa wakazi wa mji kama Bunda anuani ambayo hawakuwahi kuwa nayo, lakini wakati huohuo iliiondoa nakala ya barua mahali pake na kuuweka ufunguo mkononi mwa mtu binafsi. Faida ilionekana mara moja. Hasara itaonekana pale mtafiti atakapoihitaji barua hiyo. Istilahi "barua pepe ya kivinjari" inatumika hapa kwa maana ya barua pepe inayoandikwa, kutumwa na kusomwa ndani ya ukurasa wa tovuti, pasipo kuhitaji programu maalumu iliyowekwa katika kompyuta ya mtumaji.

2.0 Barua ya Karatasi na Utaratibu wa Masjala

Nchini Tanzania, posta haikujengwa juu ya desturi ya kupeleka barua mlangoni kwa kila mtu. Ilijengwa juu ya Sanduku la Posta, linalofahamika kwa kifupi cha S.L.P. Aliyekuwa na sanduku alilipia kodi yake na kupewa ufunguo. Wasiokuwa nalo, nao ndio waliokuwa wengi, walitumia sanduku la shule, la parokia, la chama cha ushirika au la mwajiri. Hivyo anuani ya mtu wa kawaida ilikuwa anuani ya taasisi. Barua ya kijana wa kijijini ilipitia kwa mwalimu mkuu, na wakati mwingine ilisomwa na macho mengi kabla ya kumfikia mwenyewe. Ufaragha ulikuwa mdogo, na uhuru wa kuandikiana ulitegemea hisani ya mwenye ufunguo.

Barua za kiofisi zilikuwa na nidhamu yake. Kila barua ilikuwa na namba ya kumbukumbu, tarehe, na kichwa cha habari kilichotanguliwa na "Yah:". Mtumishi wa chini alimwandikia mkubwa wake kwa kupitia kwa mkuu wake wa kazi, na kila aliyepitiwa aliweka maoni na saini. Masjala ilibaki na nakala iliyopigwa kwa karatasi ya kaboni, ikatobolewa na kufungwa katika jalada. Barua moja iliacha alama mahali pawili: kwa aliyeituma na kwa aliyeipokea. Moto, mchwa na mvua viliharibu majalada mengi, lakini ilihitajika ajali mbili ili barua moja ipotee kabisa.

Utaratibu huo ndio uliotupa sehemu kubwa ya historia iliyoandikwa ya Mara. Wakati wa utawala wa Waingereza, sehemu kubwa ya eneo ambalo leo ni Bunda lilisimamiwa kutoka Musoma, na barua za maofisa wa wilaya hiyo ni miongoni mwa nyaraka ambazo wanahistoria wameendelea kuzitumia. Sambamba na nyaraka za watawala, zimekuwapo pia kumbukumbu za wenyeji. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alichapisha mkusanyo wa historia zilizoandikwa na watu wa Mara ya Kusini wenyewe. Maandishi ya aina hiyo hukaa miaka mingi ndani ya madaftari nyumbani, na yana sifa moja inayopaswa kukumbukwa katika mjadala huu: mjukuu akilikuta daftari la babu yake sandukuni, halimwombi nywila.

Mwaka 1994 unafaa kuwa mwanzo wa kipindi kinachochunguzwa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, mwaka huo lililokuwa Shirika la Posta na Simu liligawanywa, Shirika la Posta Tanzania likaachana na Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL). Barua na waya, vilivyokuwa chini ya paa moja, vikawa na wenyewe tofauti. Pili, mwaka huohuo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianza kupokea wanafunzi wake wa kwanza. Chuo hicho, kwa asili yake, kilitegemea maandishi kusafiri kati ya mwalimu na mwanafunzi wasioonana. Kwa mwalimu wa sekondari aliyetaka kusoma shahada bila kuondoka Bunda, suala la njia ya barua lilikuwa suala la elimu yenyewe.

3.0 Barua Pepe kabla ya Kivinjari

Barua pepe ilitangulia kivinjari kwa takribani miaka 20. Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alituma ujumbe kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET na kuchagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Mwaka 1982 ilitangazwa itifaki ya SMTP, yaani kanuni ambazo kompyuta moja huzifuata inapokabidhi barua kwa nyingine. Kanuni hizo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, zinaendelea kutumika hadi leo.

Tanzania ilichelewa kuingia katika mkondo huo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe ya kwanza nchini ilikuwa ya hifadhi-na-peleka. Hospitali ya Muhimbili ilikuwa na kituo cha HealthNet, mtandao wa taarifa za tiba uliotumia setilaiti ndogo iliyopita juu ya dunia mara chache kwa siku. Barua zilisubiri setilaiti ipite ndipo zipande. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kiliunganishwa na vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Lusaka na Harare kupitia mradi wa ESANET, ambao kompyuta zake zilipigiana simu na kubadilishana mafungu ya barua.

Jambo la kuzingatia katika mfumo huo ni kwamba ulifanana sana na mfuko wa posta. Barua ziliandikwa kwanza, zikakusanywa, zikasubiri safari, kisha zikapelekwa kwa pamoja. Hata baada ya intaneti kamili kuanza kuuzwa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, ofisi zenye kompyuta na modemu zilitumia programu kama Eudora na Outlook Express. Programu hizo ziliipigia seva simu, zikazishusha barua na kuziweka katika diski ya kompyuta ya ofisi. Kwa mpangilio wa kawaida wa wakati ule, seva ilibaki tupu. Nakala, kwa hiyo, ilikuwa ofisini. Kompyuta ilikuwa ghali na iliharibika, lakini aliyetaka kujua barua za ofisi zilipo aliweza kuinyooshea kidole.

4.0 Kivinjari na Sanduku la Bure

Mtandao wa tovuti ulipobuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN mwaka 1989, haukukusudiwa kuwa posta. Ulikuwa njia ya kusoma nyaraka zilizounganishwa. Ilikuwa ni tarehe 4 Julai 1996 ndipo Sabeer Bhatia na Jack Smith walipoanzisha Hotmail, huduma iliyomwezesha mtu kuandika na kusoma barua pepe ndani ya ukurasa wa tovuti bila malipo. Mwishoni mwa mwaka 1997 Microsoft iliinunua huduma hiyo, na mwaka huohuo Yahoo! nayo ikaanzisha ya kwake.

Utendaji wake unahitaji kuelezwa kwa sababu ndimo ilimo hoja ya makala haya. Mtumaji anapobofya "tuma", kompyuta iliyo mbele yake haipeleki barua kwa mpokeaji. Kivinjari hukabidhi maandishi yale kwa seva ya kampuni yenye huduma, kama mtu ajazaye fomu na kuirudisha dirishani. Seva hiyo ndiyo huuliza katika orodha ya majina ya mtandao ni seva ipi inayopokea barua za mpokeaji, kisha huikabidhi barua kwa itifaki ya SMTP. Nakala ya barua iliyotumwa hubaki katika seva ya mtumaji, na ya iliyopokewa katika seva ya mpokeaji. Kompyuta iliyotumika kuandika hubaki na mabaki machache ya muda, kisha huyasahau.

Kwa mji usio na kompyuta nyingi, sifa hiyo ya kusahau ilikuwa neema. Iliwezekana sasa mashine moja katika mgahawa wa intaneti itumiwe na watu kumi kwa siku, kila mmoja akiwa na sanduku lake, na asiwepo anayeacha barua zake pale. Mtu hakuhitaji kumiliki kompyuta, kulipia kodi ya sanduku, wala kuazima anuani ya parokia. Katika Kanda ya Ziwa, kituo cha mawasiliano cha jamii kilichoanzishwa Sengerema mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilionesha kwamba huduma hiyo inaweza kuvuka mipaka ya miji mikuu ya mikoa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria aliweza kumpelekea msimamizi wake sura ya tasnifu kama kiambatisho na kurudishiwa maoni bila kusafiri. Kijana aliyekuwa akiandikiwa kupitia kwa mwalimu mkuu akawa, kwa mara ya kwanza, na anuani isiyopita mikononi mwa mkubwa yeyote. Haya si mabadiliko madogo katika historia ya jamii, na mwanahistoria anayelalamikia kupotea kwa majalada hana budi kuyakiri.

Hata hivyo, sanduku la bure lilikuwa dogo. Hotmail ilianza na nafasi ya megabaiti 2 kwa kila mtumiaji. Picha chache au nyaraka mbili tatu zilizopigwa skani zilitosha kulijaza, na likijaa, barua mpya zilikataliwa. Mtumiaji alilazimika kufuta za zamani ili apate nafasi ya mpya. Hivyo basi, katika miaka ya mwanzo, kufuta hakukuwa uzembe. Lilikuwa sharti la kuendelea kuandikiana. Hali ilibadilika baada ya Google kuitangaza Gmail tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na gigabaiti 1, nafasi iliyokaribia kuwa mara 500 ya ile ya Hotmail ya mwanzo. Nchini Tanzania, kuwasili kwa mkongo wa baharini wa SEACOM mwezi Julai 2009, kufuatiwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kulipunguza utegemezi wa setilaiti. Baadaye simu janja zilikileta kivinjari kiganjani. Kwa kipindi cha kabla ya hapo, tunapaswa kukubali kwamba barua nyingi zilifutwa na waandishi wake wenyewe kwa kukosa nafasi.

5.0 Ufunguo Mkononi mwa Nani?

Nafasi ilipoongezeka, swali la ufunguo lilibaki. Ofisi, shule na vikundi vingi nchini vilifungua anuani katika huduma za bure na kuzichapa juu ya barua zao, chini ya S.L.P. Kwa macho, anuani hizo mbili zilifanana. Kisheria na kiutendaji zilikuwa vitu viwili mbalimbali. Sanduku la Posta lilikodiwa kwa jina la taasisi, na ufunguo ulikuwa mali yake. Mkuu wa shule alipohamishwa, ulikabidhiwa pamoja na stoo na vitabu vya hesabu. Anuani ya bure ilifunguliwa na mtu mmoja, kwa namba yake ya simu na nywila aliyoichagua mwenyewe. Mtumishi huyo alipohamishiwa mkoa mwingine, alipostaafu au alipofariki, taarifa ya makabidhiano haikuwa na safu ya nywila. Aliyemfuatia alifungua anuani mpya, na mawasiliano ya miaka kadhaa yakabaki nyuma ya mlango uliofungwa, si kwa sababu kuna aliyetaka kuyaficha, bali kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyadai.

Kundi la pili lililoguswa ni la waombaji wa kazi na mikopo. Maombi ya ajira serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, maombi ya ualimu kupitia TAMISEMI na maombi ya mkopo wa elimu ya juu yalipohamia katika mifumo ya kivinjari, anuani ya barua pepe ikawa sawa na kitambulisho. Wahitimu wengi wasiokuwa na kompyuta wamekuwa wakienda steshenari, ambako mhudumu humfungulia mteja anuani, huchagua nywila, hujaza fomu na kupakia vyeti. Kwa namna fulani, mhudumu huyo amerithi kazi ya mwandishi wa barua aliyekuwa akiwaandikia wasiojua kusoma. Tofauti ni kwamba mwandishi wa zamani alimaliza kazi barua ilipofungwa katika bahasha. Mhudumu wa steshenari hubaki na uwezo wa kufungua barua zijazo, na akihama mji, mteja huweza kukosa wito wa usaili uliotumwa kwa jina lake mwenyewe. Utegemezi ule wa enzi ya sanduku la parokia umerudi kwa mlango mwingine, na safari hii hakuna parokia ya kwenda kuulizia.

Sheria imejaribu kuifikia hali hii. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa mwingine pasipo haki, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo inazitambua kumbukumbu za kielektroniki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza wajibu kwa wanaotunza taarifa za watu. Pamoja na umuhimu wake, sheria humlinda mwenye ufunguo. Hazimrudishii ufunguo asiyewahi kuushika.

6.0 Jibu la Serikali na Mipaka Yake

Serikali ililitambua tatizo la anuani binafsi katika kazi za umma. Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa mwaka 2012 na kufanywa Mamlaka kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ilijenga mfumo wa barua pepe za Serikali wenye anuani ziishiazo na go.tz, na watumishi wakaelekezwa kuutumia katika mawasiliano ya kiofisi. Inafaa kusisitiza kwamba mfumo huo nao hufunguliwa kwa kivinjari. Kwa mtumiaji, tofauti na huduma za bure ni ndogo. Kilichobadilika ni mahali pa nakala na mwenye ufunguo: seva ziko chini ya mamlaka ya umma, na anuani ni ya ofisi hata mtumishi akiondoka. Hili linathibitisha kwamba tatizo halikuwa kivinjari chenyewe, bali makubaliano ya umiliki yaliyokuja nacho.

Mipaka ya jibu hilo ni dhahiri pia. Historia ya Bunda haiko katika ofisi za Serikali pekee. Imo katika vyama vya ushirika, vikundi vya wavuvi, kamati za misikiti na makanisa, shule binafsi, vyama vya siasa na asasi za kiraia. Taasisi hizo zingali katika anuani za bure, na huduma za bure zina masharti yake. Mwezi Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na yaliyomo, na utekelezaji ukaanza Desemba mwaka huo. Jalada lililosahauliwa stoo kwa miaka 20 huweza kupatikana likiwa na vumbi. Akaunti iliyosahauliwa kwa miaka 2 huweza isipatikane kabisa. Hapa ndipo kipindi kinachochunguzwa kinapofungwa, kwa kuwa kuanzia mwaka huo kusahau kumekuwa sawa na kuharibu.

7.0 Hitimisho

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaitazama kumbukumbu kama taarifa iliyorekodiwa, bila kujali umbo lake. Kwa sheria hiyo, barua pepe ya ofisi ya umma ni kumbukumbu sawa na barua ya kaboni. Nyaraka za umma, kwa utaratibu wa jumla, hufunguliwa kwa watafiti zikifikisha miaka 30. Barua za mwaka 2003, kwa hiyo, zitafikia umri huo mwaka 2033. Mtafiti atakayekwenda kuzitafuta atakuta majalada ya miaka ya 1980 yakiwa mnene, ya miaka ya 1990 yakipungua, na ya miaka ya 2000 yakiwa na barua rasmi zilizopigwa mhuri, lakini bila mazungumzo yaliyozizaa. Anaweza kudhani kwamba watu wa Bunda waliacha kuandikiana, ilhali waliandikiana kuliko wakati mwingine wowote.

Hatua za kuzuia upotevu huo hazihitaji fedha nyingi. Kwanza, kila taasisi iwe na anuani ya taasisi, na nywila yake iandikwe katika makabidhiano na kuhifadhiwa kwa siri kama ufunguo wa kasha la fedha. Pili, barua pepe zinazobeba uamuzi zichapwe na kuwekwa katika jalada lenye namba, kwa desturi ileile ya masjala ambayo watumishi wengi bado wanaijua. Tatu, vyuo vikuu viwaelekeze wanafunzi wa historia kukusanya, kwa ridhaa ya wahusika, barua pepe za vyama na vikundi vya wilaya zao, kama watangulizi wetu walivyokusanya masimulizi ya wazee. Nne, anayefunguliwa anuani steshenari aondoke akiwa ameibadilisha nywila kwa mkono wake mwenyewe.

Barua pepe ya kivinjari iliwapa watu wengi sanduku bila kuwafundisha utunzaji wa ufunguo. Wengi wa waliofungua anuani zao za kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wangali hai, na baadhi yao wanakumbuka nywila zao. Kazi ya ukusanyaji ianze kwao, kabla akaunti zao hazijahesabiwa miongoni mwa zisizotumika.